Mrithi wa Mjane

4 Februari

Kaka yangu,

Habari za huko na za nyumbani kwako. Mimi mzima, ukiondoa mgongo, ambao saruji imeuzeesha kabla ya uso. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu una tabia ya kunichekesha mpaka nasahau nilichotaka kuuliza. Barua haina kicheko, lazima uijibu. Na mama alitufundisha kuandikiana kabla hajatufundisha kupika, kwa hiyo usijifanye mkono umesahau.

Leseni ya trela nimeipata. Mtahini aliniambia nirudi nyuma kati ya mapipa mawili, nikarudi mara moja, akalitafuta kosa mpaka jasho likamtoka. Sasa nimechoka kupeleka saruji ya tajiri mmoja kutoka ghala lake mpaka maduka yake, barabara ileile, mashimo yaleyale. Nataka safari ndefu. Tangu ndoa yangu ivunjike nalala kwenye chumba kimoja na jiko la mafuta na redio, nikiyasikia magari makubwa yakipita, na kila likipita najiambia lile lilipaswa kuwa langu.

Kampuni zinazochukua madereva ni mbili. Ya kwanza ni hiyo yenu ya magari ya kijani. Ya pili ni ya yule mzee wanayemwita Kofia, mwenye magari machache ya zamani. Sasa sikiliza shida yangu. Nimepita maegeshoni nikiuliza madereva mmoja mmoja, utadhani natafuta mchumba. Walioko Kijani wote wanaisifu, na kila mmoja anataka niende naye ofisini. Mmoja alitaka tuondoke saa ileile. Walioacha kazi Kijani wanaitukana. Mmoja alitema mate kabla ya kunijibu, halafu hakunijibu. Kwa Kofia mambo ni kinyume. Walioko ndani wanalalamika kutwa nzima: Kofia mkali, Kofia bahili, Kofia anakagua tairi kama daktari wa meno. Nikamuuliza mmoja, mbona huondoki? Akasema aliwahi kuondoka, akarudi. Hakueleza kwa nini, akaendelea kulalamika.

Nimwamini nani? Mimi naona aliyeacha kazi ana kinyongo, na mwenye kinyongo hasemi, anatapika. Aliye jikoni ndiye anayejua chumvi ya mchuzi. Lakini mtalaka wangu, ambaye unajua alifanya kazi kwenu kabla hamjamfukuza, amepata habari zangu na kunitumia ujumbe kwamba nisithubutu. Mtu huyohuyo aliniambia ndoa nzima kwamba analala garini.

Wewe uko ndani, na wewe ni wewe. Ulinifundisha usukani kwenye trekta la shule, ukakaa pembeni yangu bila kupiga kelele hata nilipoubomoa uzio wa mwalimu. Niambie niende wapi. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Mdogo wako,
Saruji (ndivyo wanavyoniita hapa, na wewe usianze)


15 Februari

Mdogo wangu Saruji (nimeanza),

Barua yako niliisoma nikiwa nimekalia bampa, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakanishangaa. Hongera kwa leseni. Huyo mtahini angeniuliza mimi, ningemwambia asijisumbue.

Kuhusu maneno ya maegeshoni. Dereva ni mtu anayekaa kimya siku nzima, akifika anataka kusikilizwa. Ukimuuliza habari za kampuni atakueleza habari za maisha yake. Aliyeacha kazi anaisema kampuni kama aliyeachwa anavyomsema mkewe, na hapo huhitaji mimi nikufundishe. Huyo mtalaka wako aligoma kupakia mbele ya watu, ndiyo maana wakamwonyesha mlango. Na hao wa Kofia, mtu anayelalamikia chungu anachokula, kesho atakulalamikia wewe.

Kijani ni kampuni kubwa. Ina gereji yake, ina sare, ukiugua unatibiwa. Na kila mtu ana gari lake, hakuna kunyang'anyana. Ukikabidhiwa ni lako. Gari la Kijani halilali bila mwenyewe. Mimi nimekaa hapa mpaka watoto wamekua. Binti yangu mkubwa naye ameanza kushika usukani, anasema anataka kuwa kama shangazi yake. Mama yake ananuna, mimi nacheka. Ila mgongo wangu umeanza kugoma, na kuna mazungumzo ya kunihamishia tawi la mjini, gari jipya, safari fupi, niwe narudi nyumbani jioni. Mambo yakienda sawa.

Njoo Kijani. Jina lako nitalipeleka mimi mwenyewe. Usipitie kwa mtu mwingine yeyote hata akikuahidi nini. Wakikuuliza, sema umeletwa na mimi. Hilo usilisahau.

Kaka yako,
Taratibu


19 Februari

Kwako mtalaka wangu,

Najua umekunja uso. Kunja uso tu, barua usiikunje kwanza. Siombi kurudi. Aliyenipokea amenipokea, na wewe umepumzika.

Nimesikia ulikwenda maegeshoni kuuliza habari za Kijani. Swali lako ni zuri, ila umelihesabu kama kura: hawa wanasifu, wale wanaponda. Usihesabu. Tazama nani anapata nini ukikubali. Mimi ukienda Kijani sipati kitu, na ukienda kwa Kofia sipati kitu. Nilikudanganya kuhusu mahali nilipolala, sikatai. Kuhusu magari sijawahi kukudanganya, na hilo unalijua.

Walisema niligoma kupakia. Kweli niligoma. Walinipa gari, nikalizunguka mara moja, nikakataa kulipanda. Nje sikueleza sababu, kwa maana dereva anayetoa maneno ya yadi hapati yadi nyingine ya kumchukua, nami nilitaka kula. Hata hapa siandiki yote. Barua hizi zinabebwa na madereva kabla hazijakufikia wewe, na madereva wanajua kusoma.

Nakuomba uulize kitu kimoja tu. Muulize kaka yako: gari nitakalokabidhiwa lilikuwa la nani? Akikutajia mtu, nenda. Akikupa maneno mazuri, baki na saruji yako.

Mtalaka wako


23 Februari

Kaka,

Nimekwenda kwa Kofia kumwambia siji. Alinisikiliza akiwa chini ya gari, naona miguu tu. Akasema sawa, nikibadili mawazo mlango haujafungwa, na haufungiki, bawaba zimekufa. Halafu akalalamika kwamba namzibia mwanga. Ndiye huyo tajiri anayewatisha watu.

Mtalaka wangu naye ameniandikia. Anajifanya mwenye hekima siku hizi. Anataka nikuulize gari nitakalopewa lilikuwa la nani. Mimi naona anataka kutugombanisha tu, kwa sababu siku ile ya talaka ulikaa upande wangu na hukumpa hata kiti. Nakuuliza ili niweze kumwambia nimeuliza, anyamaze. Lilikuwa la nani?

Tajiri wa saruji nimeshamuaga. Amekasirika, nikajua kumbe nilikuwa na thamani.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie mtalaka wako hivi. Gari lako lilikuwa la mtu makini, asiyegusa pombe, hajawahi kuangusha hata gunia moja. Amelitunza kama chombo cha nyumbani, na ameliacha kwa sababu amehamishwa, basi. Ungempenda. Mambo ya kuchunguza nani alikalia kiti kabla yako ni ya watu wasio na kazi, na wewe kazi unayo.

Jina lako limeshapita. Ripoti Jumatatu ijayo asubuhi, viatu vya kufunga, leseni na picha. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kaka yako,
Taratibu


20 Aprili

Kaka,

Mbona huonekani? Nilidhani tutapishana yadini, kumbe wiki niliyoripoti ndiyo uliyohamia tawi la mjini. Wameniambia gari lako jipya lina kiyoyozi. Hongera, mgongo umesikilizwa.

Sasa nikueleze habari za langu. Linaitwa Mjane. Hapa kila gari lina jina, na mimi wananiita Mrithi. Nikiingia getini wanasema, Mrithi wa Mjane amefika, wanacheka, halafu wananitazama kwa huruma kidogo, nadhani kwa kuwa mwanamke niko peke yangu. Niliwajibu kwamba mjane akirithiwa na mwanamke angalau nyumba itafagiliwa. Wakarudi kwenye kazi zao. Watu wa ajabu.

Gari lenyewe limepakwa rangi juu, ndani limechoka. Upepo wa breki unavuja. Ukizima injini unalisikia likipumua kama birika. Breki za trela zilikuwa zikijikaba zenyewe njiani upepo ukipungua, kwa hiyo gereji wamezifungua kabisa ili mzigo usichelewe. Breki ya mkono ni pambo. Nilimwambia fundi mkuu, akasema vipuri vimeagizwa, nivumilie. Nilipomuuliza viliagizwa lini, akaenda kunywa chai.

Lakini barabara, kaka. Asubuhi ukitoka kwenye ukungu juu ya ule mlima mrefu, bonde lote liko chini yako na hakuna mtu wa kukuambia upite wapi. Nilipiga honi peke yangu kwa furaha. Nilitamani mama angekuwa hai anione.

Utingo wangu ni mzee mmoja wanayemwita Turubai, kwa jinsi anavyofunika mzigo, utadhani anamfunika mtoto. Si msemaji. Siku ya kwanza aliitazama mikono yangu kwenye usukani, akasema nimefundishwa vizuri, akageukia dirishani. Nilimuuliza dereva aliyenitangulia alikuwa mtu wa namna gani. Akasema, mtu mzuri, kisha akajifanya amelala. Kila tukisimama, yeye keshashuka na gogo la kuzuia tairi kabla sijamwambia. Na hilo gogo utacheka: ni mguu wa benchi, una pete mbili za kuchonga kama lile benchi la jikoni kwa mama. Nilipolishika nilikaribia kulia. Labda seremala alikuwa mmoja.

Njoo nikuone, au nielekeze unapolaza gari, nitapita.

Mdogo wako,
Mrithi (jina limenikaa)


28 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia unaifurahia barabara. Kazi za mjini zimenibana, nitakuja mambo yakitulia.

Nisikilize. Kwenye ule mlima mrefu, ukiona foleni juu, usipande. Subiri chini kabisa kwenye tambarare, hata wakikupigia honi na kukutukana. Usikubali kusimama katikati ya mlima ukiwa na mzigo. Ikibidi, usizime injini, na Turubai aweke gogo akiwa ubavuni, asipite nyuma ya tairi hata kidogo. Gogo lina ufa upande wa chini, aligeuze. Nilitaka kukuambia haya ana kwa ana.

Msalimie Turubai. Au basi, usimsalimie, mwache.

Kaka yako


11 Juni

Kaka,

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta. Barua yako ya Aprili imenifikia hospitalini. Dereva aliyeibeba anasema aliizungusha garini kwake muda wote huo akitegemea kukutana nami barabarani. Nimeisoma. Umeeleza vizuri sana namna ya kusimama mlimani.

Siku ile sikuwa nayo. Lori moja liliharibika juu, foleni ikashuka mpaka kwangu, nikasimama katikati ya mlima na shehena ya mbolea. Nilikuwa nimekanyaga breki. Turubai alishuka na gogo kama kawaida yake, nikamwona kwenye kioo akiinama. Kisha breki ikalegea chini ya mguu wangu, upepo umekwisha, na gogo likapasuka. Nililisikia, kama mtu anapasua kuni. Nyuma yangu kulikuwa na basi limejaa abiria. Nilikata usukani nikalilaza gari kwenye ukingo. Basi halikuguswa. Turubai alikuwa upande wa ukingo.

Yote haya unayajua, kampuni nzima inayajua. Mazikoni sikukuona. Mimi nilikwenda, mkono umening'inia shingoni. Mke wake alinikalisha karibu naye, hakunilaumu, na hilo liliniumiza kuliko mfupa. Akaniambia taratibu, bila hasira:

"Mume wangu alimwambia kaka yako, usimlete mdogo wako, mtafute mwingine wa kumrithisha. Kaka yako akajibu kwamba hana mwingine anayemwamini."

Nikamuuliza, kumrithisha nini? Akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Ndipo akanieleza mwanzo mpaka mwisho. Kumbe dereva wa Kijani hahamishwi mpaka alete mtu wa nje wa kuchukua gari lake. Ndiyo maana mlioko ndani wote mnaisifu, na kila mmoja alitaka kunishika mkono anipeleke ofisini. Ndiyo maana ulisisitiza niseme nimeletwa na wewe. Kwa Kofia wanalalamika kwa sababu hawana gari la kumbambikia mtu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama alitufundisha hilo sote wawili, jikoni, tumekaa kwenye benchi lile.

Na hilo benchi. Nilidhani liliuzwa pamoja na vyombo alipofariki. Kumbe uliukata mguu wake, ukaulaza chini ya kiti cha Mjane, miaka yote hiyo, kwa sababu ulijua gari halisimami.

Nilipima maneno ya watu wote, kaka. Ya aliyefukuzwa niliyapima, ya aliyetema mate niliyapima, ya wanaolalamika niliyapima. Ya kwako tu sikuyapima. Mtalaka wangu amekuja kuniona na machungwa, akanimenyea, akaondoka. Hakusema "nilikuambia." Afadhali angesema.

Sikuulizi kitu. Nimekuandikia ili usije ukasema hukujua kwamba najua.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Nimeiandika barua hii na kuichana sijui mara ngapi. Pole kwa mkono. Turubai nilikaa naye kuliko ulivyokaa na mumeo, kwa hiyo usinifundishe kumlilia. Mazikoni ningesimama upande gani?

Unasema kana kwamba nilikuchimbia shimo. Mjane nimepanda nalo na kushuka nalo ule mlima miaka mingi. Kila nikitoka nyumbani nilimuaga mke wangu, nikifika getini narudi kumuaga tena, na hakuwahi kujua kwa nini. Nilitafuta mtu wa kumwachia. Wote niliowaona wangelimaliza gari wiki ya kwanza, na wao pamoja nalo. Wewe una mikono, na mikono hiyo niliifundisha mimi. Nilisema likiwa kwako litakwenda. Vipuri waliniahidi. Ungekaa kidogo, nawe ungeleta mtu wako, mambo yangekwisha. Ndivyo sote tulivyopita. Unadhani mimi nilirithishwa na nani? Na rafiki niliyemsimamia harusi yake. Sikumwandikia barua ya matusi.

Nina watoto, wewe huna. Nimeshaandika, sifuti.

Ile barua ya Aprili nilitaka kuileta kwa mkono wangu. Niliwasha gari mara mbili. Niliona haya.

Kaka yako


9 Septemba

Shangazi yangu mpendwa,

Mkono unaendeleaje? Huku wote wazima. Nina habari: leseni ya trela nimeipata. Mtahini aliniuliza nani kanifundisha kurudi nyuma, nikamwambia haya mambo yako kwenye ukoo.

Sasa nimefika pale ulipokuwa wewe. Kijani wamemtuma mtu nyumbani. Anasema kuna gari limetengenezwa, limepakwa rangi, linasubiri mwenyewe, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kampuni sitafanyiwa hata majaribio. Nimeuliza madereva, wamenichanganya. Wengine wanasema ajali yako ilikuwa mipango ya Mungu na kampuni haina kosa. Wengine wanasema niende kwa Kofia, halafu palepale wanamsengenya Kofia. Mmoja amesema nikaolewe.

Nimemuuliza baba. Shangazi, baba hasemi ndiyo wala hapana. Juzi nilimuuliza tukiwa mezani, akainuka akaacha chakula. Mama ananiambia nisimsumbue, ana mawazo. Basi nakuuliza wewe uliyekuwa ndani. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Binti yako


16 Septemba

Kaka,

Binti yako ameniandikia kuuliza kama Kijani ni kampuni nzuri. Amemaliza barua kwa maneno yaleyale niliyokuandikia wewe mwezi wa pili. Sidhani ulimwonyesha. Ni damu tu.

Wiki iliyopita waliniita ofisini. Daktari amesema mkono huu hautageuza tena usukani mkubwa. Wakasema wana gari dogo jipya kwenye tawi lenu, jepesi, na jioni narudi kulala kwangu. Ni langu nikileta mtu wa kumchukua Mjane. Nisipoleta, kazi sina. Halafu karani wa masijala akasema, akitabasamu, amesikia kuna binti katika ukoo wetu anatafuta kazi.

Nikikuambia sikulifikiria nitakuwa nimejifunza uongo kwako. Nililifikiria njia nzima ya kurudi chumbani. Nilikuona umekaa kwenye kiyoyozi chako, simu inalia, wanakuambia amesimama katikati ya mlima. Nilifurahi, kaka. Nilifurahi mpaka nikafika mlangoni, nikakumbuka mtoto huyu nilimbeba mgongoni siku mama yake alipougua, akanilowesha gauni. Nikakaa kitandani nikajichukia, halafu nikakuchukia wewe kwa kunifikisha hapo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni habari za kampuni: upepo, breki, kurithishana, na kwamba aende kwa Kofia kesho asubuhi. Ukurasa wa pili ni habari za aliyenileta, na kwamba alijua. Bahasha sikuifunga. Ningeweza kumtumia mwenyewe moja kwa moja, lakini nataka aipokee mkononi mwako. Nimempigia simu nikamwambia asiweke saini popote mpaka baba yake amkabidhi barua yangu. Asome wewe ukiwepo, akuulize, nawe umjibu ukimtazama. Mimi nafasi hiyo sikuipata.

Mdogo wako


27 Septemba

Shangazi,

Barua nimeipata. Baba alinipa mwenyewe, akakaa kitini mpaka nikamaliza kusoma. Akaniambia, "Fanya kama shangazi yako alivyosema," akatoka nje kuliosha gari lake, ambalo lilikuwa safi.

Kijani nimewakatalia. Nimekwenda kwa Kofia, nikamkuta chini ya gari. Akaniuliza bila kutoka, upepo wa breki unaupimaje kabla ya kuondoka? Nikamjibu. Akaanza kuvilalamikia viatu vyangu, na kwamba vijana siku hizi wanakanyaga klachi kama wanaua mende. Naanza Jumatatu. Dereva wa kwanza niliyekutana naye pale amenilalamikia asubuhi nzima, nikajisikia niko salama.

Lakini Shangazi, barua yako imekatika. Mwisho wa ukurasa umeandika, "Sasa nikuambie habari za aliyenipeleka pale akiyajua yote haya," halafu basi. Nimegeuza bahasha, nimetafuta mpaka chini ya kiti. Baba anasema labda ulichoka kuandika kwa kushoto. Ni nani huyo mtu? Nataka nimjue. Siku nikikutana naye barabarani nitalisimamisha gari, nishuke, nimwambie mbele ya watu alichokufanyia.

Binti yako


5 Oktoba

Mwanangu,

Hongera. Kofia akilalamika msikilize. Siku akinyamaza ndiyo ushuke ukalikague gari. Mimi nimerudi kwa tajiri wa saruji. Nipo ghalani nahesabu mifuko, na mkono wa kushoto sasa unaandika vizuri kuliko wa kulia ulivyokuwa ukiandika.

Ukurasa wa pili usiutafute, umefika ulikokuwa unakwenda. Na mtu unayemuuliza humjui. Mimi nilidhani namjua, kumbe nami nilikuwa simjui. Usimtafute barabarani.

Msalimie baba yako.

Shangazi yako